Kupunguza, Kutumia Tena na Kurejeleza Takataka za Kazini: Mwongozo Kamili kwa Ofisi za Bukavu

Bukavu imejengwa juu ya vilima vinavyoteremkia Ziwa Kivu, na kila kinachotupwa ovyo Ibanda, Kadutu au Bagira hufuata njia ya maji ya mvua: mtaro, Mto Kawa au kijito kingine, kisha ziwa. Ziwa nalo humwaga maji yake katika Mto Ruzizi, na kilomita chache tu kutoka mto unapoanzia limesimama bwawa la Ruzizi ya Kwanza, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambalo hadi leo ni tegemeo kubwa la umeme wa mji. Chupa na sashe (vifuko vya plastiki) zinazoelea hukusanyika mbele ya bwawa hilo, huziba nyavu za chuma zinazolinda mitambo, na mara kwa mara mafundi hulazimika kuzitoa ili mashine ziendelee kuzunguka. Basi chupa ya maji iliyonywewa katika semina ya Jumanne na kutupwa nyuma ya ukuta ina uwezo kamili wa kuizimia taa ofisi ile ile iliyoinunua.

Mwongozo huu ni wa wasimamizi wa ofisi, mashirika, shule, hoteli, benki na nyumba za uchapaji wanaotaka kupunguza kiasi cha takataka kinachoishia jalalani, au katika bonde ambalo wakazi wameligeuza jalala. Takataka za hospitali na zahanati, yaani sindano, bandeji na dawa zilizopita muda, hazimo humu, kwa kuwa zina taratibu zake za visanduku maalumu na tanuri, na hazipaswi kabisa kuchanganywa na zile za ofisi.

Anza mwishoni

Miongozo mingi ya aina hii huanza kwa kuagiza pubeli (mapipa ya takataka) tatu za rangi tatu. Kwa mji wetu, naona huko ni kuanza vibaya. Pubeli za rangi zinafaa pale ambapo lori la manispaa lina vyumba vyake na kiwanda kinangoja upande wa pili. Kwetu, pubeli tatu zilizojazwa kwa uangalifu wiki nzima humwagwa Ijumaa jioni katika gunia moja, wafanyakazi huona kwa macho yao, na kuanzia Jumatatu hakuna anayehangaika tena kutenga. Kanuni ya kushika, kwa hiyo, ni hii: usitenge kitu chochote kabla hujampata mtu atakayekichukua na kukitumia.

Itazame chupa ya bia ya Primus. Ni nadra kuikuta mtaroni, kwa sababu kila mtu anajua kwamba vidanje, yaani chupa tupu, ina bei yake na kwamba asiyeirudisha huilipia. Hata ikisahauliwa nje ya baa, haichukui muda kabla hajapita wa kuiokota. Chupa ya plastiki ya maji, iliyouzwa juu ya meza ile ile, haina mwenyewe pindi maji yanapokwisha. Kazi yote inayoelezwa hapa chini ni ya kukitafutia kila kitu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: pima kwa siku 5

Chagua wiki ya kawaida, isiyo ya semina kubwa wala ya sikukuu, na uzuie takataka zote zisitoke nje ya lango kwa siku 5 za kazi. Kila jioni zimwagwe juu ya turubai, zigawanywe mafungu, na kila fungu lipimwe kwa mizani ya kuning'iniza. Mafungu 7 yanatosha: karatasi na kartoni, chupa na bidoni (madumu) za plastiki, sashe na plastiki laini, mabaki ya chakula, chuma, makopo na vioo, vifaa vya umeme, betri na wino, halafu mengineyo. Andika kilo, lakini andika pia idadi ya ndoo za lita 20, maana plastiki itakudanganya kwa wepesi wake: chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20 tu, ilhali chupa 100 zisizobanwa hukaribia kujaza gunia.

Kazi hii isiachiwe mama wa usafi peke yake. Yeye ndiye anayejua zaidi kuliko mkurugenzi ni idara gani inatupa nini, na anastahili kuketi mezani wakati mpango unapoandaliwa, kusikilizwa, na kulipwa kwa saa alizoongeza. Wote wanaogusa mafungu wavae glavu nene.

Kuna hesabu nyingine isiyohitaji mizani, nayo ni ya kulinganisha kinachotoka na kinachoingia. Rimu moja ya karatasi za A4 za gramu 80 ina uzito wa kilo mbili na nusu. Ofisi inayonunua rimu 20 kwa mwezi inaingiza kilo 50 za karatasi; ikiwa mizani ya wiki inaonyesha kilo 2 tu, uliza zilizobaki ziko wapi. Baadhi ziko kabatini, baadhi zimetoka na barua, na baadhi, pengine nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, huchomwa nyuma ya jengo au huuzwa kimyakimya na mtu wa ndani.

Hatua ya pili: tafuta wachukuaji, kisha uwafuate

Ukiwa na karatasi ya vipimo mkononi, zunguka mjini. Wauza mawese, sabuni ya maji na kasiksi (pombe ya ndizi) hununua chupa na bidoni safi zenye vifuniko. Wafugaji wa nguruwe, sungura na simbilisi hutafuta maganda. Mafundi wa vyuma hununua kwa kilo. Vikundi vinavyotengeneza briketi za kupikia huhitaji karatasi na vumbi la makala (makaa), na vile vinavyotengeneza mawe ya kutandaza njiani kwa plastiki na mchanga huhitaji sashe. Waulize wote maswali yale yale: unachukua nini hasa, kikiwa katika hali gani, kiasi gani kwa mara moja, siku gani, na ni nini usichokitaka kabisa? Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa, kwa sababu gunia moja la karatasi lililolowa mchuzi linatosha kumfukuza mnunuzi.

Kwa kila mchukuaji wa kudumu, tengeneza mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja siku, bei, vitu vinavyochukuliwa na mahali vinakopelekwa. Kisha, na hapa ofisi nyingi huishia njiani, mfuate. Siku ya kwanza mtume planto (tarishi wa ofisi) au mtu mwingine wa kuaminika afuatane na mkokoteni hadi unapomwaga, aone kwa macho yake, azungumze na mpokeaji. Baada ya miezi 3 afanye hivyo tena bila kutoa taarifa. Kulipa mtu kila mwezi ili takataka zako ziondoke langoni si sawa na kumlipa ili zifike zinakotakiwa, na tofauti ya mambo hayo mawili mara nyingi imelala kwenye ukingo wa Kawa. Ukiweza, lipa nusu wakati wa kuchukua na nusu baada ya mpokeaji kuthibitisha.

Hatua ya tatu: punguza kinachoingia

Semina ndiyo kiwanda kikuu cha takataka katika ofisi za mji huu. Watu 30 kwa siku 3, kila mmoja akipewa chupa moja asubuhi na moja mchana, ni chupa 180, bila kuhesabu visanduku vya povu vya chakula, vijiko vya plastiki, na mabegi ya kumbukumbu yenye karatasi zisizosomwa. Weka bidoni kubwa za maji yaliyochujwa au kuchemshwa zenye bomba, nunua glasi 40 mara moja, mlipe mtu wa kuziosha, na uandike katika barua ya mwaliko kwamba kila mshiriki aje na chupa yake. Chakula kipakuliwe katika sahani. Mpishi atalalamika juu ya kuosha vyombo. Mwongezee kitu kidogo kutoka katika fedha zilizookolewa kwenye maji ya chupa, naye atakubali.

Katika mashine za kuchapia, weka mpangilio wa kuchapa pande mbili uwe ndio wa kawaida, ili anayetaka upande mmoja awe ndiye anayejisumbua kubadilisha. Kubandika tangazo ukutani la kuomba watu wachape pande mbili hakusaidii. Mpangilio wa mashine husaidia.

Upande wa sheria, Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 imepiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko, sashe na vifungashio vingine vya plastiki nchini, nayo Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 ndiyo inayoweka misingi ya kulinda mazingira. Sashe zingalipo sokoni, kila mtu anaziona. Lakini ofisi inayoandika katika fomu zake za ununuzi kwamba haipokei bidhaa zilizofungwa katika sashe ina sheria upande wake, na muuzaji hana la kujibu.

Hatua ya nne: karatasi

Karatasi ndiyo taka kubwa ya ofisi kwa uzito, na ndiyo yenye njia nyingi. Itenge kwanza kwa siri, kisha kwa hali.

Nimewahi kununua karanga katika soko la Nyawera zikiwa zimefungwa ndani ya orodha ya mishahara ya shirika moja, majina, kiasi cha dolari na sahihi vyote vikisomeka bila taabu. Mama aliyeniuzia hakuwa na kosa lolote: alinunua karatasi kwa kilo, kama alivyonunua karanga. Kosa ni la aliyeziuza bila kuzipitia. Weka, basi, sanduku lenye kufuli kwa karatasi zenye majina, mishahara, akaunti, vipimo vya wagonjwa au taarifa za wateja, na karatasi hizo zisitoke ofisini zikiwa nzima. Kabla ya kuharibu chochote cha uhasibu, kumbuka kwamba Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012 na kwamba taratibu zake zinataka vitabu na hati za hesabu vihifadhiwe kwa miaka 10. Mhasibu atie sahihi orodha ya kinachoharibiwa. Planto asiachiwe uamuzi peke yake.

Karatasi zisizo na siri zilizochapwa upande mmoja zikatwe nusu na kushonwa kuwa madaftari ya kuandikia rasimu na ujumbe wa simu. Nyumba yoyote ya uchapaji ina mashine ya kukata rimu nzima kwa dakika moja. Kartoni nzima zisikunjwe wala kuchanwa: duka la jirani linazihitaji. Ama kuuza karatasi iliyochapwa kwa wafungaji wa vyakula, mimi sishauri, hata ikiwa haina siri, kwa kuwa wino si chakula na mafuta ya andazi lenye moto huuvuta wino huo. Wapewe karatasi tupu na za kahawia.

Zinazobaki, zikiwa zimechanwa, zina matumizi bora katika mji unaopika kwa makala, na ambao sehemu ya makala hayo hutoka katika misitu ya Kahuzi-Biega. Briketi hutengenezwa hivi. Chana karatasi vipande vidogo kama kiganja au vidogo zaidi, ziloweke katika pipa kwa siku 2 au 3 hadi ziwe laini, kisha uzitwange kinuni au uzikoroge kwa mti hadi upate uji usio na mabonge. Chukua vumbi la makala, lile linalobaki chini ya magunia sokoni na ambalo wauzaji wengi hulitoa kwa bei ndogo, ulichekeche ili kuondoa mawe. Anza na kipimo kimoja cha uji wa karatasi kwa vipimo vitatu vya vumbi, uchanganye kwa mikono, halafu ujaribu: chukua konzi moja, iminye kwa nguvu mpaka maji yatiririke kati ya vidole, kisha fungua kiganja. Tonge likikaa na umbo lake na alama za vidole, mchanganyiko uko sawa. Likibomoka, ongeza uji. Likivimba polepole na kurudi kama sponji, karatasi imezidi na briketi itawaka upesi na kuacha majivu mengi. Shindilia mchanganyiko katika kipande cha bomba au kopo lililotobolewa kando, bana kwa mti hadi maji yakome, sukuma litoke, anika juu ya wavu. Kati ya Juni na Agosti jua hukausha kwa siku chache. Masika anika chini ya paa na usubiri wiki mbili au zaidi, ukigeuza kila siku. Briketi iliyokauka hutoa sauti kavu ukiigonga juu ya nyingine, nayo huwa nyepesi kuliko unavyotarajia.

Si kila karatasi inaingia pipani. Stakabadhi za mashine za malipo zimepakwa kemikali inayogeuka rangi kwa joto, na zitambuliwe kwa kuzikwaruza na ukucha: mstari mweusi ukitokea, iweke kando. Vivyo hivyo kwa karatasi zinazong'aa, zilizofunikwa kwa plastiki, na bahasha zenye dirisha, ambazo dirisha lake ling'olewe kwanza. Vibanio vya chuma vitolewe, la sivyo vitakata mikono ya anayekoroga.

Hatua ya tano: plastiki

Chini ya chupa nyingi kuna pembetatu yenye namba. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni bidoni na chupa za sabuni. Namba 4 ni sashe na plastiki laini. Namba 5 ni vifuniko, viti na vyombo vya chakula. Namba 3 ni plastiki yenye klorini, kama mabomba na baadhi ya mazulia. Alama ikiwa imefutika, kata kipande na ukitupe ndani ya maji: namba 2, 4 na 5 huelea, namba 1 na 3 huzama. Kipimo hiki kinatosha kwa mahitaji ya ofisi, na hulinda wanaoyeyusha plastiki, kwa sababu namba 3 ikipata moto hutoa moshi wa tindikali na sumu nyingine ambazo hakuna barakoa ya kitambaa inayoweza kuzizuia.

Chupa na bidoni nzima zioshwe, zikaushwe, zifungwe vifuniko na kuuzwa zikiwa nzima. Kuna sharti moja lisilo na msamaha: bidoni iliyobeba dawa ya wadudu, tindikali, wino wa mashine au kemikali yoyote itobolewe chini kabla ya kutoka, kwa maana nje ya lango hakuna atakayeuliza ilibeba nini, na kesho itabeba mawese. Chupa mbovu zikanyagwe zikiwa wazi, zifunikwe tena zisivute hewa, na zikusanywe hadi zifike mzigo ambao mnunuzi amesema atakuja kwa ajili yake.

Sashe safi na kavu ndizo zinazotakiwa na watengenezaji wa mawe ya njiani, kwa kuwa huyeyuka kwa joto dogo na kushikamana na mchanga. Kazi hiyo ni yao, wala isijaribiwe uani kwako. Mikanda ya plastiki inayofunga kartoni za karatasi na kompyuta usiikate vipande vifupi. Ikiwa mirefu husukwa vikapu vinavyodumu kuliko vya ukindu.

Hatua ya sita: mabaki ya chakula

Kwa ofisi yenye watu wachache, njia rahisi ni ndoo mbili zenye vifuniko na mfugaji anayezibadilisha kila siku. Maganda ya ndizi, ya viazi vitamu na mabua ya mboga ni chakula kizuri cha simbilisi na sungura. Maganda na kokwa za avokado yatengwe bila huruma, kwani yana sumu kwa wanyama hao, na avokado hazikosekani katika meza zetu.

Mwenye ua anaweza kutengeneza mboji. Panga tabaka la vitu vikavu, kama majani makavu, vumbi la mbao na kartoni zilizochanwa, kisha tabaka jembamba la maganda mabichi, kisha vikavu tena, vikavu vikiwa vingi kuliko vibichi mara mbili au tatu kwa ujazo. Funika kwa turubai, maana mvua za Bukavu huosha rutuba yote na kuipeleka bondeni. Jenga ukingo wa mawe upande wa mteremko. Ndani ya siku chache katikati ya rundo panapata joto la kuchoma mkono. Geuza kila wiki, na baada ya miezi 3 hivi utapata udongo mweusi usionuka. Rundo linalonuka limekosa hewa na lina unyevu mwingi: geuza na uongeze vikavu. Ndugu zetu wa Goma, ambako mwamba wa lava uko juu kabisa na shimo halichimbiki, hutumia masanduku ya mbao juu ya ardhi, na njia hiyo inafaa hata kwa viwanja vyetu vyembamba.

Hatua ya saba: betri, wino na vifaa vya umeme

Hili ni fungu dogo kwa uzito na ndilo lenye hatari kubwa zaidi, hasa kwa kuwa kukatika kwa umeme kumeifanya karibu kila ofisi iwe na betri za sola au za kuhifadhi umeme. Betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina uzito wa kilo 60 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni metali ya risasi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo, na haina kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Hakikisha kwanza kwamba betri imekufa kweli. Ichaji hadi ijae, iache ipumzike usiku kucha bila kuunganishwa na chochote, kisha pima. Volti 12.6 au zaidi ni dalili njema. Ikiwa karibu na 10.5, chumba kimoja kimekufa. Betri nyingi zinazotupwa hazina kosa isipokuwa vituo vyake vimeota kutu, au betri moja mbovu katika safu inazivuta nzuri.

Iliyokufa isimame wima, juu ya sinia la plastiki, chini ya paa, vituo vikiwa vimefunikwa kwa utepe. Isifunguliwe. Wanunuzi wa mtaani hupenda kumwaga tindikali chini kabla ya kupima ili wabebe mzigo mwepesi. Andika katika hati ya mauzo kwamba betri inauzwa nzima pamoja na tindikali yake, na uwepo wakati inapoondoka. Ikimwagika, vaa glavu na miwani, nyunyiza soda ya kuokea, chokaa au majivu hadi mchemko ukome, ndipo usafishe. Na usimuuzie kamwe fundi anayesubu sufuria metali usiyoijua asili yake, kwa sababu risasi iliyomo itarudi katika sombe (mboga ya majani ya muhogo) tunayopika.

Betri za lithiamu za simu na kompyuta zizibwe vituo kwa utepe, kila moja peke yake, ziwekwe katika chombo chenye mchanga mkavu, mbali na karatasi. Iliyovimba isibonyezwe wala kuchajiwa. Kuzivusha mpaka pamoja na vifaa vingine vibovu si jambo la kufanya kwa bahasha na tabasamu: Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unataka nchi inayopokea taka za hatari itoe kibali cha maandishi. Rwanda inacho kiwanda cha kuvunja vifaa vya umeme wilayani Bugesera, na mashirika makubwa yenye mzigo wa kutosha yanaweza kuuliza juu ya njia hiyo rasmi. Madini ya tantalamu yanayotoka Kivu hutengenezea vipande vidogo vya ndani ya simu, kisha simu hiyo hurudi kwetu ikiwa mtumba na kufia droo la ofisi. Tumechimba, tumenunua, na sasa tunatupa.

Makasha ya wino wa unga hujazwa upya mara mbili au tatu kabla silinda haijachakaa. Mtafute fundi mmoja, umjaribu kwa kasha moja, ulinganishe. Unga ukimwagika, usifagie wala kutumia maji ya moto, kwa kuwa joto huugandisha. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji baridi.

Kompyuta ya zamani mara nyingi hufufuka kwa kubadilishiwa diski na kuongezewa kumbukumbu. Unapoitoa kwa shule, itoe ikiwa inawaka, na chaja yake, na programu zinazofanya kazi. Kutoa kompyuta mbovu kwa jina la msaada ni kuhamisha takataka tu. Kufuta mafaili hakuondoi taarifa: tumia programu inayoandika upya diski nzima, au toa diski na uitoboe kwa keekee. Taa ndefu za mirija zina zebaki, hivyo zihifadhiwe nzima ndani ya kartoni zake.

Chuma, makopo na samani hazina maneno mengi. Zina wanunuzi tayari. Seremala huchukua mbao za meza, na kiti kilichovunjika mguu huwa na mguu mwingine stoo.

Hatua ya nane: sasa weka pubeli

Idadi ya pubeli iwe sawa na idadi ya wachukuaji uliowapata, si zaidi. Ziwe mahali pamoja kwa kila ghorofa, na ndoo za chini ya kila meza ziondolewe, kwa sababu ndoo ya mezani ndiyo inayomeza kila kitu bila kuuliza. Juu ya kila pubeli bandika kitu chenyewe badala ya maandishi: chupa halisi, karatasi halisi, vikiwa vimefungwa kwa waya. Kila kundi la wachukuaji lijulikane kwa wafanyakazi. Siku moja mwalike mama wa briketi aje na jiko lake achemshe chai ofisini kwa karatasi zenu. Fedha zinazopatikana ziandikwe wazi ukutani, na sehemu yake iende kwa wanaogusa takataka kwa mikono yao.

Hatua ya tisa: kinachobaki

Hata baada ya yote hayo, fungu la mengineyo halitakuwa tupu. Litakuwa na vifungashio vya biskuti vyenye tabaka la fedha, visanduku vya povu, stakabadhi za mashine, karatasi za chooni na kalamu zilizokauka. Visichomwe uani. Vifungwe vikiwa vikavu na vikabidhiwe kwa mchukuaji ambaye mwisho wake umeuona.

Kila miezi 6 rudia kipimo cha siku 5 kwa mafungu yale yale, na siku ya mwisho fungu la mengineyo limwagwe juu ya turubai mbele ya anayehusika na ununuzi. Ashike kitu kimoja kimoja, aseme kilinunuliwa wapi, kwa nini, na kama kipo kingine kinachorudishwa au kinachodumu. Kitu kitakachokosa jibu kwa vipimo viwili mfululizo kiondolewe katika orodha ya manunuzi.